Makofi ya Sekunde Arobaini na Moja

Kwa Mratibu,
Shule ya Kiangazi ya Fizikia ya Viini na Nyota kwa Watafiti Vijana,
Ofisi ya mwisho wa korido, mlango unaovutwa ingawa umeandikwa "Sukuma".

Mheshimiwa Mratibu,

YAH: KURUDISHWA KWA MAKOFI YALIYOPIGWA KIMAKOSA

Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, na kwamba sauti yako imerudi baada ya hotuba ya kufunga. Mimi sijambo, ukiondoa mambo saba ambayo nimeyapanga hapa chini kwa namba ili usipate taabu ya kuyatafuta.

Huenda hunikumbuki. Sishangai. Nilikaa safu ya tatu, nyuma ya nguzo, na kwa wiki mbili wahadhiri wako walinifahamu kama kiwiko cha kushoto. Ni mimi niliyekuwa nabonyeza kitufe cha slaidi siku ya mwisho. Nadhani sasa umeanza kunipata.

Kabla sijaanza, niseme wazi kwamba sina ugomvi na nyota. Zimekaa huko ziliko, zinagonganisha viini vya atomu, na katika kugonganisha huko zinapika kaboni, oksijeni, chuma na vingine vyote, na hazijawahi kumteua msemaji. Ugomvi wangu ni na shule.

1. Kuhusu jina. Mliipa shule jina la kiangazi. Mvua ilinyesha siku tisa kati ya kumi na mbili. Paa la ukumbi lilivuja, ndoo ya bluu ikawekwa mbele ya jukwaa, na mhadhara wa kwanza, uliohusu namna ya kupunguza kelele katika vipimo, tuliusikiliza huku ndoo ikipokea tone moja kila sekunde nne. Hakuna aliyecheka ila mimi, nami nilicheka ndani kwa ndani, kwa hiyo haikuhesabika. Watu wanaodai kujua yaliyotokea dakika tatu baada ya ulimwengu kuanza wangeweza kutabiri mvua ya Jumanne.

2. Kuhusu mchezo wa kufahamiana. Tulipelekwa uwanja wa nyuma, watu wazima wenye shahada mbili mbili, tukaambiwa tuwe chembe. Wengi walikuwa protoni, na kazi yao ilikuwa kukimbizana na kukumbatiana. Kijana mmoja ambaye tayari tulishamwita Kipaza, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti, alijitolea kuwa nyota inayolipuka, akalipuka mara tatu kwa ombi la watazamaji. Mimi nilipangiwa kuwa nyutroni huru. Mwongoza mchezo alinieleza kwamba nyutroni ikiwa peke yake haidumu, huvunjika baada ya robo saa hivi. "Kwa hiyo wewe simama pale, dada, usubiri." Nilisimama. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba robo saa imekwisha. Nilijivunja mwenyewe, nikaenda kunywa chai.

3. Kuhusu metali. Wanafizikia wa nyota wana desturi ya kuita kila elementi isiyo hidrojeni wala heli "metali". Kaboni, metali. Oksijeni, metali. Mhadhiri alilisema hilo bila haya, kama mtu anayekuambia kwamba kwao kila mnyama asiye kuku wala bata ni ng'ombe. Mimi kwa uaminifu wa mwanafunzi nikalibeba nyumbani. Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea. Nilimwambia, mbele ya wateja wake wawili, kwamba oksijeni iliyomo kwenye mtungi wake ni metali. Akazima moto. Akavua miwani. "Kwa hiyo hapa nilipo napumua bati?" Nikamweleza kwamba ni suala la istilahi tu. "Istilahi," akasema, akawageukia wateja. "Mnasikia? Miaka yote hiyo shuleni, karudi na bati." Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Bibi Bati, na watu ambao sijawahi hata kuwasalimia hunisimamisha njiani kuniuliza kama mabati yamefika. Jina hilo nililipata kwenu. Naomba liondolewe kwa barua rasmi yenye muhuri, ibandikwe kwenye mlango wa karakana.

4. Kuhusu vumbi. Wahadhiri kumi na mmoja walihitimisha kwa maneno "sisi sote ni vumbi la nyota". Nilihesabu. Wa nane alifumba macho. Vumbi tunalijua, Mheshimiwa Mratibu. Mama yangu hulifagia kila asubuhi na halijawahi kumshukuru. Isitoshe, ikiwa sote ni vumbi lile lile, nielezwe kwa nini vumbi jingine hupewa jukwaa na vumbi jingine hupewa kitufe.

5. Kuhusu Bwana Takriban. Hilo ndilo jina tulilompa yule profesa mgeni ambaye hajawahi kutaja namba bila kuitangulizia neno hilo. Siku ya tano alituambia, mkono mmoja mfukoni, kwamba kwenye kazi za nyota "mara mbili ni kukubaliana". Yaani jibu lako likiwa kumi na ukweli ukiwa ishirini, mpeane mikono mkale. Ukumbi ulicheka kwa raha, kama watu waliosamehewa madeni. Mimi nilinyoosha mkono kumuuliza: daktari akikuandikia vidonge viwili ukameza vinne, mmekubaliana? Nguzo ikanificha. Naliuliza swali hilo sasa, kwa maandishi, na nasubiri jibu lisilo na neno takriban.

Uelewe ninakotoka. Mama yangu alifundisha hesabu darasa la tano kwa miaka thelathini. Nyumbani kwetu jibu lilikuwa sahihi au lilikuwa aibu, na katikati hapakuwa na kiti cha mtu kukalia. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote duniani hukaguliwa daftari kabla ya kupewa chakula.

6. Kuhusu fundi wa mashine. Hili nalisema kwa heshima ya umri wake. Yule mzee wa koti la bluu lililofifia viwikoni, anayeiendesha ile mashine ya kurushia protoni, ana daftari ambalo kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula na una kichwa kilichoandikwa kwa wino mwekundu. Siku tuliyokwenda kupima alitupa daftari hilo tunakili vipimo. Akaniambia: "Binti, soma kichwa cha ukurasa kabla hujasoma tarakimu." Nikasema sawa. Nilipokuwa katikati ya kunakili akaja kusimama nyuma yangu: "Kichwa umekisoma?" Nikasema sawa, mzee. Nilipokuwa mlangoni natoka, akanyoosha shingo juu ya vyombo vyake vyote na kulirudia mara ya tatu, mbele za watu. Nina shahada mbili. Sikwenda pale kufundishwa kwamba maandishi husomwa kuanzia juu kushuka chini. Nilimjibu kwa ile sawa inayofunga mlango. Naomba aelekezwe kwamba watafiti, hata wakiwa wasichana, wanajua kusoma.

7. Sasa nimefika penye kidonda.

Unakumbuka kwamba kila kikundi kilipewa swali moja. Letu lilikuwa hili: protoni ikigonga kiini cha kaboni ndani ya nyota, viwili hivyo huungana kwa wepesi gani? Majibu yapo kwenye jedwali la zamani, limenizidi umri, na kila mtu hulinakili kama sala. Sisi tulitakiwa kupima wenyewe kwa mashine ya fundi na kulinganisha. Na mlitangaza kwamba msemaji wa kikundi kitakachoshinda atapewa miezi sita katika maabara ya chini ya mwamba, mahali ambapo mlima mzima umefunika mashine ili miale ya kutoka angani isiingilie vipimo, na mtu anaweza kusubiri hata mgongano ulio dhaifu kuliko yote mpaka ausikie.

Nimetaka kuingia pale tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mama, na hata yeye nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, naosha vikombe.

Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa kijana na binti waliokutana hapo hapo shuleni na kuungana siku ya tatu, kwa kasi ambayo hakuna jedwali lililoitabiri. Hao tukawa hatunao tena. Kipaza alisema yeye atashughulikia "mtazamo mpana". Tarakimu zikabaki kwangu. Siku saba, Mheshimiwa Mratibu. Wenzangu walikwenda matembezi, wakaenda kuogelea kwenye mvua, wakapiga picha wakiruka hewani. Mimi nilikaa kwenye chumba cha kompyuta chenye kiti kimoja kizima, na siku ya saba nikapata kwamba kaboni na protoni huungana kwa nusu tu ya wepesi unaoandikwa kwenye jedwali. Nusu! Maana yake kaboni ndani ya nyota huishi mara mbili ya umri tuliodhani. Nilikagua mara nne. Naomba uishike namba hiyo: mara nne.

Nilimwambia Kipaza wakati wa kifungua kinywa. Aliacha kutafuna. Ilipofika mchana ilikuwa "tumegundua". Jioni, kwenye ngazi, nilimsikia kwa masikio yangu: "nimegundua".

Tulipokaa kumteua msemaji, alinitazama kwa huruma nyingi. "Dada, wewe akili unazo, hilo halina mjadala. Ila sauti yako ni ya maktaba. Wewe bonyeza, mimi niseme." Wale wawili waliitikia bila kuachiana mikono. Nikasema sawa. Nimegundua kwamba maisha yangu yote yamejengwa kwa sawa, kama nyumba ya mtu aliyekuta tofali la aina moja tu.

Nilibonyeza slaidi ishirini na mbili. Nikamsikiliza akisema "nikajiuliza", "nikashtuka", "nikakaa chini machozi yakanitoka". Machozi hayakumtoka, hakuwapo hata chumbani. Mshiriki mmoja wa safu ya mbele akamuuliza ule mstari wa grafu ulichorwaje. "Kwa uangalifu mkubwa sana," akajibu Kipaza, na watu wakapiga makofi. Slaidi ya mwisho iliandikwa: Shukrani kwa aliyetusaidia kuchora grafu. Bila jina. Na aliyeibonyeza ili itokee ni mimi, kwa kidole changu hiki.

Ndipo yakaja yale makofi. Juu ya mlango pana saa. Sekunde arobaini na moja. Wewe ulisimama. Bwana Takriban alisimama, yeye ambaye kwake moja na mbili ni ndugu wa tumbo moja, alisimama kupongeza tofauti ya mara mbili. Yalipotulia, ukauliza: "Kuna mwenye nyongeza?" na ukaangalia, naapa, moja kwa moja kwenye kiwiko changu cha kushoto. Mimi nikaangalia kitufe. Kina mshale mdogo mweupe uliofutika ncha. Bado nauona nikifumba macho.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema kwamba litapewa miezi sita maabara.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mratibu, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Ripoti ya shule iandikwe upya, na hesabu yote ya kaboni, kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, iandikwe kwa jina langu, peke yake, bila "kikundi" na bila "tulisaidiana".

(b) Nafasi ya maabara ya chini ya mwamba nipewe mimi.

(c) Makofi yarudishwe. Washiriki wote waitwe tena ukumbini na wayapige upya kunielekea mimi, kwa mikono ile ile, kwa muda ule ule. Waliosafiri wanaweza kuyapigia makwao mbele ya shahidi anayeaminika na kuleta uthibitisho. Kipaza naye awepo. Hatapiga. Atabonyeza kitufe.

(d) Jedwali la zamani lifutwe, na walioliandika waarifiwe kwa upole. Waliokwisha kufariki, wajukuu wao waarifiwe.

(e) Shule ifungwe mpaka atakapopatikana mhadhiri mmoja anayeweza kutofautisha mbili na moja bila kucheka. Nguzo ibomolewe vyovyote itakavyokuwa.

Nimeambatisha nakala ya hesabu zangu zote, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari la fundi ambako vipimo vilitoka, ili asiwepo wa kusema kwamba nazungumza kwa hasira. Sina hasira. Nina usahihi.

Nisalimie mpishi, mtu pekee aliyewahi kuniuliza kama nimeshiba. Nisalimie wale wawili, kama bado wameungana. Nisalimie ndoo ya bluu, iliyofanya kazi yake kila siku na kwa kipimo. Bwana Takriban mpe salamu takriban mbili. Fundi wa mashine msalimie pia, ukipata nafasi.

Aliye wako katika kuitafuta tarakimu iliyo kweli,

Mshiriki namba thelathini na moja,
safu ya tatu, nyuma ya nguzo.

NYONGEZA: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa mama barua hii aipitie, maana kalamu nyekundu bado anaishika vizuri. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye vumbi akasema, "Mimi nafagia mpate pa kupita, sifagii nishukuriwe." Alipofika kwa Kipaza akageuza ukurasa. Akachukua viambatisho, ambavyo nilijua hatavielewa, akaweka ukurasa wa fundi kushoto na hesabu zangu kulia, kama alivyokuwa akifanya na madaftari ya darasa la tano.

"Mwanangu, huyu mzee hapa juu kaandika 'nishati ya mwale'. Wewe hapa umeandika 'nishati ya mgongano'. Ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja.

Nakueleza, ingawa unajua. Protoni huja mbio, na mbio hizo ndizo nishati ya mwale; kaboni imekaa. Ikigongwa, kaboni husukumika, kama mkokoteni uliogongwa na baiskeli, na sehemu ya nishati ya mwale huishia kwenye huko kusukumana, haiingii katika mgongano wenyewe. Ni sehemu moja ya kumi na tatu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua kwamba huondolewa kwanza. Mimi sikuiondoa. Ni kidogo tu, lakini kwenye nishati ndogo kama zile, kidogo hicho hugeuza jibu kuwa nusu. Nimeiondoa sasa hivi, mezani, mama akiwa nyuma ya kiti changu. Tarakimu zangu zimekaa juu ya jedwali la zamani kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kaboni imerudia umri wake. Walioliandika wasisumbuliwe, wala wajukuu wao.

Nilikagua mara nne, ndiyo. Mara zote nne nilikagua tarakimu.

Kwa kipimo cha Bwana Takriban sikukosea hata kidogo. Naukataa msamaha huo.

Nilitaka kuichana barua. Mama akaniuliza kama nilipokuwa nabonyeza kitufe sikuchoka kunyamaza. Kisha akasema, "Ipeleke. Ongeza hili tu."

Basi maombi (b), (c), (d) na (e) nayafuta, isipokuwa nguzo. Makofi abaki nayo Kipaza, kwa kuwa yalipigiwa kitu ambacho hakikuwepo, naye ndiye mzoefu wa vitu hivyo. Aambiwe tu kabla hajashuka chini ya mwamba, asije akaipeleka nusu ile huko kwenye mashine za watu. Maabara mpeni yeyote atakayeanza kusoma juu kushuka chini. Fundi nilimweka wa mwisho katika salamu. Naomba umsalimie kwanza, na umwambie kwamba binti sasa amesoma.

Ombi (a) silifuti. Muulizeni Kipaza kosa liko wapi, muone kama atalipata. Hawezi, kwa sababu hajui kwamba nishati ni mbili, na mtu hawezi kukosea asichokijua kabisa. Kosa lile ni langu peke yangu, bila kikundi na bila kusaidiana. Liandikeni kwenye ripoti kwa jina langu kamili, kwa wino mwekundu, kwenye kichwa cha ukurasa.